Mvinyo mwekundu na mishipa ya damu: sifa ni za ganda la zabibu

Mjomba wangu hanywi pombe. Anakunywa "dawa ya moyo", na dawa yenyewe inakuja kwenye chupa ya mvinyo mwekundu. Ukimgusia habari ya presha yake anakujibu bila kupepesa macho: "Mpwa wangu, madaktari wenyewe wamesema inafungua mishipa. Hebu nishike mkono uone joto." Ukimshika, kweli mkono ni wa moto na uso umechangamka. Ushahidi gani tena unautaka?

Sijawahi kumshinda kwa hoja, na sababu ni kwamba hajakosea yote. Mishipa yake inafunguka kweli. Ninachobishana naye ni kwamba mshipa kupanuka ni jambo moja, na mshipa kuwa na afya ni jambo jingine. Tena katika glasi ya mvinyo mwekundu mambo hayo mawili yanaletwa na vitu viwili tofauti: kimoja kinatoka kwenye ganda la zabibu, kingine ni kilevi.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, una misuli, na ndani kabisa, pale damu inapopita, umetandikwa tabaka moja tu la seli. Ni jembamba kiasi kwamba kwa miaka mingi wataalamu walilichukulia kuwa kazi yake ni kuzuia damu isivuje, basi. Tabaka hilo huitwa endotheliamu. Aliyelipa heshima yake ni Robert Furchgott, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa akifanya majaribio kwa vipande vya aota, ateri kuu ya mwili, ya sungura. Dawa ile ile, asetilikolini, mara ilivilegeza vipande hivyo, mara ilivikaza. Siri ilikuwa kwenye matayarisho: vipande ambavyo upande wa ndani ulikuwa umekwanguliwa bila kukusudia havikulegea hata kidogo. Mwaka 1980 akatangaza kwamba seli za ndani ndizo zinazotoa kitu kinachoiamuru misuli ilegee. Baadaye ikajulikana kuwa kitu hicho ni gesi, naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. (Alfred Nobel mwenyewe, mwishoni mwa maisha yake, aliandikiwa na madaktari nitrogliserini kwa ajili ya moyo, kitu kile kile alichotajirika nacho kwa kutengenezea baruti. Nayo hufanya kazi kwa kutoa naitriki oksaidi mwilini.)

Gesi hiyo haiishii kulegeza misuli. Inazuia chembe za kugandisha damu zisinate ukutani, na inazipunguzia seli nyeupe nafasi ya kujipenyeza na kuanzisha uvimbe. Sigara, sukari nyingi kwenye damu, presha ya muda mrefu na umri huidhoofisha endotheliamu, na kudhoofika huko huanza miaka mingi kabla mafuta hayajaziba chochote. Ndiyo maana watafiti wa moyo hawatosheki kujua ateri ina upana gani. Wanataka kujua inaitikaje inapoitwa.

Kipimo chake nimewahi kufanyiwa, nikiwa mmoja wa watu waliojitolea katika utafiti, kwa hiyo naweza kukisimulia. Unakuja hujala, hujanywa kahawa, hujavuta sigara. Unalazwa chali kwenye chumba kimya, mkono umenyooshwa pembeni. Mpimaji anapaka jeli juu kidogo ya kiwiko, anaitafuta ateri kwa ultrasaundi, na akishaipata hataki ujitikise, sembuse kuongea. Kwenye skrini kuna mistari miwili myeupe na giza katikati; giza hilo ndiyo damu inayopita. Upana wake ni kama milimita 4. Kisha mkanda wa presha uliofungwa chini ya kiwiko unajazwa upepo hadi damu isipite kabisa, na unaachwa hivyo kwa dakika 5. Ni dakika ndefu. Kiganja kinapauka, vidole vinakufa ganzi, unajiuliza nani alikutuma. Mkanda ukiachiwa ghafla damu inarudi kwa nguvu, mkono wote unapata moto, na msukumo huo wa damu unapopita juu ya endotheliamu unaiamsha. Ikiwa nzima inamwaga naitriki oksaidi, na ateri inapanuka.

Inapanuka kiasi gani? Sehemu mbili za kumi za milimita hivi. Mimi sikuona tofauti yoyote kwenye skrini. Ni kompyuta iliyoiona. Lakini katika sehemu hizo mbili za kumi ndimo lilimo jibu la Mjomba.

Mwaka 2000 watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha jaribio dogo ambalo kwangu linaeleza suala hili vizuri kuliko vitabu vingi. Waliwachukua watu 12 wenye afya, wote chini ya miaka 40, wakawanywesha mililita 250 za mvinyo mwekundu kwa nyakati mbili tofauti: mara moja wenye kilevi, mara moja uliotolewa kilevi. Kisha wakawafanyia kipimo hicho nilichokieleza. Kabla ya kunywa, ateri zao zilipanuka kwa wastani wa asilimia 3.9. Baada ya mvinyo usio na kilevi, zilipanuka kwa asilimia 5.6. Baada ya mvinyo wenye kilevi, asilimia 3.6, yaani hakuna faida iliyoonekana.

Linalonivutia zaidi ni lililotokea kabla mkanda haujafungwa. Waliokunywa mvinyo wenye kilevi walikuwa na ateri pana zaidi hata wakiwa wamelala tu, damu nyingi zaidi ikipita, na moyo ukienda mbio zaidi. Huo ndio mkono wa moto wa Mjomba. Waliokunywa usio na kilevi hawakuwa na dalili hizo hata moja: upana ule ule, mapigo yale yale. Ungewauliza wangesema hawasikii chochote. Ila mshipa ulipoitwa, uliitika vizuri zaidi. Mlango ulioachwa wazi mchana kutwa haukuambii kama bawaba zake ni nzima. Wa kupima ni ule uliofungwa, ukiugonga ukafunguka.

Msomaji mwenye jicho kali atanikatiza hapa: kama kilevi tayari kimeipanua ateri, si asilimia ya kupanuka zaidi itashuka kwa hesabu tu? Ni kweli, ni udhaifu wa kipimo hicho, maana kinahesabu asilimia kutokana na upana wa mwanzo. Watu 12 nao ni wachache, na walitofautiana sana wenyewe kwa wenyewe. Kwa jaribio hilo peke yake siwezi kumnyang'anya mtu glasi yake. Lakini halikubaki peke yake.

Kabla ya kwenda huko, nikae kidogo kwenye lile joto, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi. Kilevi kinapoingia mwilini hulegeza mishipa, hasa ya ngozi, na presha hushuka kwa saa kadhaa. Mtu akijipima jioni ileile baada ya glasi mbili tatu, mashine inamfurahisha. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha majaribio mengi ya aina hii, yalionyesha upande wa pili: kwa kiasi kikubwa cha kilevi, zaidi ya gramu 30, presha hushuka hadi kama saa 12, kisha baada ya saa 13 hivi huwa imepanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mapigo ya moyo yako juu muda wote huo. Gramu 30 ni takriban glasi mbili za mililita 150 za mvinyo wa asilimia 13. Kwa hiyo anayekunywa kila jioni na kujipima kila jioni anapima saa za mteremko tu. Mlima anaupanda asubuhi, wakati mashine imeshafunikwa.

Sasa tutoke kwenye glasi moja twende kwenye wiki. Huko Perth, Australia, mwaka 2005 walichapisha utafiti wa wanaume 24 wasio na presha. Kila mmoja alipitia vipindi vya wiki nne nne: kipindi cha mvinyo mwekundu, cha bia, cha mvinyo mwekundu usio na kilevi, na cha kutokunywa chochote kati ya hivyo. Mvinyo na bia vilipimwa ili kilevi kikaribiane, kama gramu 40 kwa siku. Presha ya mchana ilipanda kwa karibu milimita 3 za zebaki, kipimo kinachotumiwa kwa presha, kwa mvinyo, na karibu 2 kwa bia. Zabibu zilizokuwamo kwenye mvinyo hazikuwakinga na chochote. Presha ilipanda kwa wote wawili, anayejiona mstaarabu kwa glasi yake yenye mguu mrefu na mnywaji wa bia. Mvinyo usio na kilevi haukuipandisha, wala haukuishusha.

Barcelona walipata picha tofauti kidogo. Utafiti wao wa mwaka 2012 ulihusu wanaume 67 walio katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo: wenye kisukari, au wenye mkusanyiko wa mambo kama presha, uzito na lehemu. Wao walipewa kwa zamu, wiki nne kila kimoja, mvinyo mwekundu, mvinyo huohuo usio na kilevi, na pombe kali ya jini (gin). Usio na kilevi uliishusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 6 za zebaki na namba ya chini kwa 2 hivi, na naitriki oksaidi kwenye damu ikaongezeka. Mvinyo wenye kilevi ulileta mabadiliko madogo yasiyofikia kiwango cha kuaminika. Jini haikufanya lolote.

Wengine huziona tafiti hizi mbili kuwa zinapingana. Mimi sizioni hivyo. Wa Perth walikuwa wazima, presha yao haikuwa na pa kushukia, na endotheliamu zao hazikuwa na deni. Wa Barcelona walikuwa wagonjwa au wako njiani kuugua, na mshipa uliochoka ndio unaoonyesha nafuu. Jambo ambalo tafiti zote mbili zinakubaliana ni kwamba hakuna mahali ambapo kuongeza kilevi kuliifanya hali iwe bora. Barcelona kilevi kilimeza sehemu kubwa ya faida. Perth kilileta hasara juu ya sifuri.

Kwenye ganda kuna nini, basi? Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu, na mweupe huchachushwa baada ya kuvitoa. Maganda na mbegu zina polifenoli, kundi kubwa la kemikali ambalo ndilo linaloupa mvinyo rangi na ule ukali unaokausha ulimi. Roger Corder na wenzake wa London walionyesha mwaka 2001 kwamba mvinyo mwekundu, hata baada ya kutolewa kilevi, ulizifanya seli za endotheliamu ya ng'ombe zilizokuzwa maabara zipunguze kutengeneza endothelini-1, kemikali inayoikaza mishipa kwa nguvu. Mweupe na ule wa waridi haukufanya hivyo. Mwaka 2006 wakataja wanaohusika zaidi: prosayanidini, aina mojawapo ya polifenoli, nyingi zaidi katika mivinyo ya kusini magharibi mwa Ufaransa na ya Sardinia, ambako maganda na mbegu huachwa ndani kwa muda mrefu. Hizo ni seli kwenye kisahani, lakini zinaelekeza pale pale walipofika wa Auckland na Barcelona kwa njia nyingine.

Utaniuliza resveratroli iko wapi, maana ndiyo iliyojaa kwenye matangazo ya vidonge. Nayo ni polifenoli, na iko kwenye ganda, kwa kiasi kidogo mno. Lita nzima ya mvinyo mwekundu kwa kawaida ina miligramu chache tu, na panya wa maabara walioipa umaarufu mwaka 2006 walipewa zaidi ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wao kila siku. Fanya hesabu kwa mtu wa kilo 70 uone ni mapipa mangapi. Mwaka 2014 watafiti waliofuatilia wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, kwa kupima mabaki ya resveratroli kwenye mkojo wao, hawakuona kwamba wenye nyingi waliishi zaidi au walipata magonjwa ya moyo kwa uchache. Miaka miwili kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa kimetangaza kwamba mtafiti wake mmoja mashuhuri wa mambo ya mvinyo na moyo alighushi data mara 145. Vidonge vinaendelea kuuzwa.

Zabibu zisizowahi kuchachuka nazo zinafanya kazi. Mwaka 1999 wagonjwa 15 wenye ateri za moyo zilizoharibika walikunywa juisi ya zabibu za zambarau kwa siku 14, na kipimo kile cha mkono kikatoka asilimia 2.2 hadi 6.4. Walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo namba hiyo naichukua kwa tahadhari. Juisi ina sukari nyingi pia, na mwenye kisukari asiikimbilie.

Kwa nini basi tumeaminishwa kwamba kilevi chenyewe ni dawa? Novemba 1991 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kiliuliza kwa nini Wafaransa wanakula siagi na jibini lakini moyo hauwaui kama Wamarekani, na kikainua glasi ya mvinyo mwekundu kuwa jibu. Mauzo ya mvinyo mwekundu Marekani yakapaa. Mwaka uliofuata Serge Renaud na Michel de Lorgeril wakaliandikia makala jambo hilo katika jarida la Lancet. Tafiti za kufuatilia watu zikaja moja baada ya nyingine zikisema wanywaji wa kiasi wanaishi kuliko wasiokunywa.

Tatizo ni nani hasa hao wasiokunywa. Gerald Shaper alilisema mapema, mwaka 1988, baada ya kuwachunguza wanaume 7,735 wa Uingereza: wengi wa wasiokunywa walikuwa wanywaji walioacha, na wameacha kwa sababu tayari wanaumwa. Ukimlinganisha mnywaji mzima na mgonjwa aliyeacha, pombe itaonekana dawa. Halafu kuna utafiti wa Denmark wa mwaka 2006 ambao naupenda kwa sababu haukumpima mtu hata mmoja. Walichukua risiti za supamaketi, mamilioni ya manunuzi, wakatazama nini kiko kikapuni pamoja na chupa. Wanunuzi wa mvinyo walibeba zaidi matunda, mboga, zeituni na mafuta ya kupikia. Wa bia walibeba soseji, vyakula vilivyokwisha kupikwa na soda. Moyo unaishi na kikapu chote.

Njia safi zaidi ya kulimaliza ni jeni, kwa sababu hakuna anayechagua jeni zake. Watu wengi wa Asia Mashariki wamezaliwa na jeni zinazowafanya wasivumilie kilevi, uso ukaiva na moyo ukaenda mbio, kwa hiyo hunywa kidogo sana maisha yao yote. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2019, uliopima jeni za watu zaidi ya 160,000, ulionyesha kwamba ukiwauliza watu wanakunywa kiasi gani, wanywaji wa kiasi wanaonekana kupata kiharusi kwa uchache. Ukiwapanga kwa jeni, kinga hiyo inayeyuka: kadiri kilevi kinavyoongezeka, presha na kiharusi vinaongezeka tangu mwanzo wa mstari. Jaribio kubwa la kuwapangia watu glasi moja kwa siku au sifuri kwa miaka lilianzishwa Marekani, likasimamishwa mwaka 2018 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya maofisa na watafiti walikuwa wamewafuata wenye viwanda vya pombe kwa siri kuomba fedha za kuliendesha.

Kuhusu saratani sina mengi, kwa sababu haina ubishi: kilevi kimo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, lile la vilivyothibitishwa, tangu mwaka 1988, na mwili haujali kimekuja kwenye chupa ya aina gani.

Linabaki swali la dukani: mvinyo usio na kilevi unafaa? Wa kweli unatengenezwa kama mvinyo mwingine wowote, kisha kilevi huondolewa, mara nyingi kwa kuuchemsha kwa joto dogo ndani ya chombo kisicho na hewa, au kwa kuuchuja kwa utando wenye vitundu vidogo mno. Polifenoli nyingi hubaki. Hiyo siyo sawa na kinywaji cha zabibu kilichotiwa rangi na kuwekwa kwenye chupa ya kifahari, kwa hiyo soma kama imeandikwa kwamba kilevi kimeondolewa. Soma na sukari, kwa sababu kilevi kikitoka ladha hubaki imepwaya, na viwanda vingi hujaza pengo kwa kuongeza utamu. Mingi ina kilevi chini ya asilimia 0.5, ambacho kwa mishipa si kitu, lakini kwa asiyegusa kilevi kwa sababu za dini, na kwa mjamzito, ni jambo la kujua kabla ya kufungua.

Tena usiache dawa ya presha kwa ajili yake. Zile milimita 6 za Barcelona ni nafuu ya maana, ila zilipimwa kwa wiki nne, na hakuna aliyefuatilia kama miaka 10 ya mvinyo usio na kilevi inapunguza mishtuko ya moyo. Na kama umeacha pombe kwa shida, chupa hii nayo ina harufu ile ile, rangi ile ile na mlio ule ule wa kizibo. Kwako wewe ningesema zabibu nyekundu za kawaida, uzitafune na maganda yake.